Kwa vijana mnaoanza kazi ya kampeni huku Tabora

Wadogo zangu, nianze na kosa lililotugharimu kata nzima.

Mgombea wetu wa udiwani, upande wa Urambo, alikuwa mkulima aliyeijua tumbaku ndani nje. Alijua madeni ya pembejeo yanavyokatwa kwenye malipo ya mkulima, na kuni zinavyoteketea kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Hotuba niliiandaa mimi. Nilijaza kurasa nne, nikiamini mwenye shida atasikiliza dawa ya shida yake. Akasimama chini ya mwembe, macho kwenye karatasi, dakika ishirini na tano. Alipofika kwenye makato, kina mama walikuwa wanabeba watoto mgongoni, wanaondoka.

Siku mbili baadaye mpinzani wake akaja uwanja uleule. Jukwaani hakuwa na haraka ya kupanda. Aliwapitia wazee kwenye viti vyao mmoja mmoja, akiwasalimia "Mwadila" kwa lugha ya huku na kuwapa mikono yote miwili, kisha akaingia kwenye ngoma. Alichosema kingeenea kwenye kiganja: atawasemea. Kura akazoa yeye.

Nilikasirika, nikawaambia wenzangu wananchi hawajielewi. Maneno hayo msiyatamke kamwe, kwa sababu si kweli. Mikutano ya kampeni mwisho saa 12 jioni, na mgombea ana vijiji vitano kwa siku. Mpiga kura anampata kwa robo saa. Hesabu za makato hawezi kuzikagua kwa muda huo, ila anaweza kuona kama mtu huyu anaheshimu wazee, kama anawakwepa watu, kama sauti yake inatetemeka. Anapima kwa kipimo alichopewa. Ubaya wa kipimo hicho ni kwamba mtu mjanja anaweza kukiigiza.

Hata wenye televisheni hupima hivyo. Mwaka 1960, Nixon na Kennedy wakigombea urais wa Marekani, Nixon aliingia kwenye mdahalo wa televisheni wa Chicago akiwa amekonda, si muda mrefu tangu alazwe hospitali kwa ajili ya goti. Kennedy alionekana mwenye afya tele. Mtaambiwa waliosikiliza redioni walimpa ushindi Nixon. Ushahidi wa habari hiyo ni dhaifu, msiutegemee. Kennedy alishinda kwa kura zisizofika 120,000 kati ya takriban milioni 68, na kwa pengo dogo namna hiyo, hata sura inatosha kuamua. Kwetu, mwaka 2015, Magufuli alipiga pushapu jukwaani, na picha ile wengi wanaikumbuka kuliko ukurasa wowote wa ilani.

Lakini Tabora hii hii ina kisa kingine. Januari 1958 wajumbe wengi wa TANU walifika hapa wakiukataa uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Nyerere aliwageuza, ingawa Zuberi Mtemvu hakukubali na akaondoka kuanzisha chama chake. Nyerere alikuwa na mvuto, nani abishe? Ila wajumbe walikuwa na siku kadhaa za kumbana kwa maswali, na hoja yake ikastahimili. Sisi mwembeni tulikuwa na hoja, siku hatukuwa nazo.

Kwa hiyo kazi yenu kubwa ni kumtafutia mgombea muda na watu. Jukwaani apewe jambo moja tu, alisimulie kama lilivyomkuta yeye, bila karatasi. Asalimie kabla ya kushika kipaza sauti. Mavazi msiyahangaikie sana, yawe safi basi.

Mengine yote yapelekeni kwenye vikundi vya watu wanane, kumi. Msimu wa kampeni ni msimu wa vitalu vya tumbaku, na asubuhi wakulima wako huko wanamwagilia. Mpelekeni huko na daftari lake, akae mpaka maswali yaishe, na mpiga picha abaki ofisini.