Motere (injini) inachemka? Usiuze gari kabla hujapima

Kijana mmoja wa Panzi, hapa Bukavu, ameniandikia juzi: "Yaya, Corolla yangu inachemka nikipanda Kadutu. Fundi anasema nibadilishe motere yote. Shemeji anasema niuze, anamjua mnunuzi. Nifanye nini?" Nilicheka peke yangu. Ameandika habari yangu bila kujua, mpaka na shemeji!

Corolla yangu ni ya 1997. Mshale wa joto ulikuwa unapanda kila nikikamata mlima kwa vitesi (gia) vya chini, ukifika tambarare unashuka. Fundi wa kwanza hakupima kitu. Alisimama pembeni, akaangalia mvuke, akasema motere imekufa, nitafute nyingine ya okazioni, yaani iliyotumika. Bei aliyotaja ilikaribia nusu ya bei ya gari. Naye shemeji yangu, kwenye sherehe ya mahari, mbele ya wakwe, akaniita "tajiri wa mvuke". Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Sijasahau, na akisoma hapa atajijua.

Sikuuza. Nilimwendea mzee mmoja mwenye garaje isiyo na hata kibao. Akaniambia nilaze gari pale, tuonane asubuhi motere ikiwa baridi, maana kufungua kifuniko cha radiatere (rejeta) ya moto ni kujitafutia hospitali. Asubuhi akafungua, akajaza maji, akawasha, akainama kutazama. Viputo havikutoka. Akachomoa kijiti cha mafuta: mafuta meusi ya kawaida, hayakuwa na rangi ya maziwa. Nyuma hapakuwa na moshi mweupe. "Kulasi yako ni nzima," akasema. Kulasi ndiyo kile kichwa cha juu cha motere, na ndiyo inayokula pesa za watu.

Motere ilipopata moto akashika mipira miwili ya radiatere. Wa juu unaunguza, wa chini vuguvugu tu. Radiatere ilikuwa imeziba kutu, kwa sababu mwenye gari wa zamani alikuwa akijaza maji ya bomba miaka yote. Kifuniko nacho, springi yake ilikuwa imechoka. Hapo mzee akanifundisha jambo ambalo kila dereva wa Bukavu angepaswa kulijua. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na maji yaliyo wazi yanachemka huku kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100. Kifuniko kizima kinayabana kwa presha yakapita hata 110 bila kuchemka. Kikilegea, sisi wa milimani tunachemsha kabla ya mtu wa pwani.

Tena termostati, ile valvu inayoyafungulia maji njia ya radiatere yakipata moto, haikuwepo! Fundi fulani aliitoa zamani "ili maji yapite vizuri". Kwenye motere nyingi za Toyota, termostati ikifunguka inaziba pia njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupita kwenye radiatere. Mafundi wetu wanaipenda sana dawa hii, sijui nani aliwaloga.

Radiatere, kifuniko, termostati, maji ya radiatere ya kununua: vyote pamoja havikufika hata robo ya ile bei ya motere. Na wiki iliyopita nimepanda mlima wa Ngomo kutoka Kamanyola, magunia ya mchele nyuma, jua la saa saba, mshale haukutikisika. Nani aliomba lifti Kamanyola? Shemeji. Njia nzima alikuwa anaangalia milima.

Sasa ndugu zangu, tuache kuuza mali kwa aibu. Wengi wetu tunauza kwa sababu watu wamecheka, halafu tunapanda pikipiki kwenye mvua huku aliyenunua anapita na gari letu. Pima kwanza! Mtu asiyepima asikupangie bei.

Sisemi kila gari litengenezwe. Viputo vikitoka mfululizo, moshi wa moto unaingia kwenye maji: jointi ya kulasi (gasketi iliyo chini yake) imeungua, au kulasi yenyewe imepinda au kupasuka. Hapo ifunguliwe na ipimwe kwa rula ya chuma. Corolla nyingi za umri huo hazikubali mpindo uzidi milimita 0.05. Fundi akitaka kuweka jointi mpya bila kupima, chukua gari lako uondoke. Na kama chini kumeoza kutu na gia nazo zinateleza, hata mimi ningeuza.

Wewe wa Panzi, fanya jaribio la viputo kesho asubuhi kabla hujawasha motere kwa safari yoyote, kisha uniandikie ulichoona. Na umuulize shemeji wako kama huyo mnunuzi anayemjua si yeye mwenyewe.