Maswali ya Wasomaji: Kulungu wa Bondeni

Barua za safari hii karibu zote zimetoka jimbo la Iowa, Marekani, na zote ni za kulungu mkia-mweupe. Wengine mmemwita paa, wengine pongo. Hao wa kwetu pembe zao ni za kudumu, na huyu huangusha zake kila mwaka wakati wa baridi akaotesha mpya, kwa hiyo ni ukoo mwingine kabisa. Hapa tutamwita kulungu, kama wengi wenu mlivyoandika.

Mkulima ameniruhusu kuwinda shambani kwake kando ya mto Cedar. Juu kuna mahindi na soya, chini ukanda wa msitu hadi majini. Nyayo zimejaa matopeni, miti imechubuliwa kwa pembe. Lakini nikipanda dungu nasikia kitu kinapiga chafya gizani, kisha mkia mweupe huoo! Nakosea wapi?
*Msomaji, Cedar Rapids*

Hiyo chafya ni ya kulungu aliyekwisha kukunusa. Huenda hata hakukuona.

Bondeni upepo haufuati utabiri wa simu yako. Alfajiri hewa ya baridi ni nzito. Huteremka kutoka mashamba ya juu ikajaa chini mtoni kama maji. Ukikaa ukingoni mwa shamba saa hizo, wote walio chini unawamwagia harufu yako. Jua likishika, kwenye saa tatu au nne hivi, hewa hugeuka na kupanda. Jioni jua likitua huteremka tena, na ndio wakati kulungu wanatoka kwenda kula. Kila inapogeuka kuna kipindi inazunguka tu, haina mwelekeo, na hapo hata dungu zuri linakuumbua.

Unga wa kupimia upepo hukuonyesha hatua mbili tatu tu. Tafuta mmea unaoitwa milkweed, ambao vuli maganda yake hupasuka na kutoa nyuzi nyeupe kama sufi ya mto wa kulalia. Achia unyuzi mmoja ukiwa juu ya dungu, uufuate kwa macho mpaka upotee. Mara nyingi utauona unakwenda vizuri mita thelathini, kisha unashuka kwenye mkondo na kurudi kulekule ulikodhani ni salama. Fanya hivyo asubuhi, mchana na jioni kabla hujaamua mti wa kufunga dungu.

La pili ni njia ya kuingilia. Alfajiri kulungu wako shambani wanakula. Ukikatisha shamba na tochi umewafukuza kabla hujapanda. Ingia kwa chini: vaa buti za mpira, tembea ndani ya kijito chenye kingo ndefu, au tumia mtumbwi. Jioni ni kinyume, ingia kwa upande wa shamba wakati bado wamelala mtoni. Tatizo la jioni ni kutoka, maana giza likiingia wako chini yako. Mwombe mkulima apite na gari lake. Wamelizoea, watasogea tu, na hawatajua kuwa kulikuwa na mtu mtini.

Miti iliyochubuliwa ukingoni mwa shamba isikudanganye, mingi huchubuliwa usiku. Teremka utafute mahali msitu unapobanwa: mto ukipinda ukakaribia kona ya shamba, ukabaki ukanda wa mita thelathini au arobaini, kila anayepita atapita hapo. Tazama pia ukingo wa kijito ulipobomoka wakapata pa kuvukia, na waya wa uzio ulipolegea, utaona manyoya yamenasa. Wanapolala ni kwenye vinundu vikavu katikati ya mierebi na nyasi ndefu. Nyasi hulala chini umbo la yai. Hapo usipasogelee. Funga dungu mita kama ishirini kutoka kwenye mapito, upande ambao upepo unatoka kwao kuja kwako, kimo cha mita tano, na shina nene nyuma ya mgongo likufiche. Mkanda wa mwili mzima ufungwe kwenye kamba ya usalama tangu mguu ukiwa chini, kwani wengi huanguka wakipanda au wakishuka. Bunduki ivutwe kwa kamba baadaye, ikiwa tupu.

Halafu fuata mashine ya kuvunia. Mahindi yaliyosimama ni msitu, kulungu anakula na kulala humohumo na wewe unalinda mapito matupu. Siku yanapovunwa, jioni hiyo na siku mbili zinazofuata, kuwa mtini. Soya majani yakigeuka manjano huiacha, wakarudi kuokota punje baada ya mavuno. Katikati ya hapo huwa chini ya mialoni, hasa mialoni myeupe, ambayo matunda yake hayana ukakasi sana. Mwanzo hadi katikati ya Novemba madume yanatafuta majike na yanatembea mchana kweupe. Usishuke saa tatu kwa sababu ya njaa, beba chakula ukae mpaka mchana.

Nilimpiga kwa shotgani, mita kama sabini. Aliruka, akakunja mgongo, akatembea kuelekea mtoni. Nikamfuata palepale. Nikaona damu nyeusi yenye vipande vya kijani, kisha ikakatika. Sikumpata.
*Msomaji, Des Moines*

Ulimpiga tumboni, na ulimpoteza kwa kumfuata. Kulungu wa namna hiyo akiachwa hulala karibu, mara nyingi kando ya maji, na hafi upesi. Ukimwinua mara moja anaweza kwenda kilomita nzima bila kudondosha tone, kwa kuwa utumbo huziba tundu.

Kabla hujashuka, tia alama mahali aliposimama na mahali ulipomwona mwisho. Kisha isome damu. Ya waridi yenye povu ni ya mapafu: ngoja nusu saa, humkosi. Nyekundu nzito iliyoiva ni ya ini: ngoja muda wa saa tatu nne. Yenye kijani na harufu ya samadi ni ya tumbo: ngoja muda wa saa nane hadi kumi na mbili, na akipigwa jioni, mwache mpaka asubuhi. Kukiwa na joto au koyote wengi (mbwa mwitu wadogo wa huku) utajiuma vidole, lakini bado subira ina nafasi kubwa kuliko mbio. Damu ikikatika, anza na kingo za maji, vivuko na chini ya magogo.

Damu ikivuka uzio, sheria ya Iowa inakuruhusu kumfuata mnyama uliyemjeruhi kihalali ukiwa huna silaha. Hata hivyo gonga mlango kwanza. Ukiwa mgeni kijijini, jina lako ndilo kibali chako cha mwaka ujao.

Safari nyingine subiri asimame ubavu, au akiwa amekupa mgongo kwa mshazari. Fuata mguu wa mbele, panda theluthi moja ya kimo cha kiwiliwili, nyuma kidogo ya bega. Na kumbuka shotgani ya kulungu Iowa ni ya risasi moja nzito, marisau hayaruhusiwi.

Namna ya kumpasua ni kama mbuzi? Na nyongo naitoaje isimwagike? Na kichwa naweza kukipikia supu?
*Mama J., Iowa City*

Karibu sawa na mbuzi, ila nyongo usiitafute: kulungu huyu hana kifuko cha nyongo. Vilivyo na hatari ni kibofu na utumbo.

Kwanza mbandike tagi, ile lebo ya leseni yako, kwani Iowa inatakiwa ndani ya dakika kumi na tano baada ya kumuua au kabla hujamsogeza, lipi litangulie. Kuripoti windo lako kwa jimbo ni kabla ya saa sita usiku wa siku inayofuata. Mlaze chali. Zungushia kisu njia ya haja, ifunge kwa uzi. Pasua tumbo makali yakiwa juu na vidole viwili chini yake, ili usitoboe. Kata kiwambo kinachotenga tumbo na kifua, ingiza mkono mpaka shingoni, kata koo la hewa, kisha vuta vyote kwa pamoja. Zile tezi zenye manyoya meusi ndani ya miguu ya nyuma usiziguse. Kisu kilichozigusa kikigusa nyama, mchuzi wote utanuka beberu.

Nyama ikikaa kwenye joto ndiyo inaharibika. Oktoba kukiwa na nyuzi 20, chuna ngozi mapema, mjaze ndani mifuko ya barafu, lenga chini ya nyuzi 4.

Na supu ya kichwa, samahani, hapana. Kuna ugonjwa wa kulungu wa ubongo, CWD, ambao kwa kulungu wa porini wa Iowa ulionekana kwanza wilaya ya Allamakee, kwa mnyama aliyewindwa 2013. Hajajulikana mtu aliyeupata, lakini kisababishi chake hukaa kwenye ubongo, uti wa mgongo, macho, bandama na tezi za limfu, na kuchemsha hakukiui. Toa nyama mfupani bila kukata uti kwa msumeno, vaa glovu, na omba tezi hizo za limfu zipimwe. Majibu yakionyesha ugonjwa, nyama yote itupwe.

Sisi ni Waislamu. Aliyekufa kwa risasi analika?
*Msomaji, Waterloo*

Wanazuoni wengi wa sasa wanasema ndiyo, kwa masharti: utaje jina la Mwenyezi Mungu unapofyatua, na risasi au mshale utoboe, si kumpiga kama rungu. Ukimkuta bado hai, mchinje. Ukimkuta ndani ya maji ngoma ni nyingine, kwani huenda amekufa kwa kuzama. Muulize imamu wako. Mawindo ya mtoni yanahitaji suala hilo lizungumzwe kabla ya msimu.

Nimepata wawili, friza imejaa. Mwenye duka letu anataka kununua.
*Msomaji, Des Moines*

Usiuze, hata kilo moja. Nyama ya kulungu wa porini haiuzwi, na mnunuzi ana kosa kama wewe. Kugawia jirani ni ruksa. Au kulungu ambaye hujamkata vipande mpeleke kwa bucha aliye kwenye mpango wa HUSH wa Iowa. Atasaga, na nyama itakwenda kwa wenye njaa.