Fundi Ajibu: Pini ya nyuma ya Datsun 240Z imegoma

SWALI: Nina Datsun 240Z ya 1972. Busha (vikombe vya mpira kwenye maungio) za mikono ya chini ya nyuma, vyuma vinavyoshika magurudumu, zimekwisha, gari linagonga kila tuta. Mekanika alitoa nati za ile pini ndefu inayoshika mkono kwenye strati (nguzo yenye springi na shokabzoba), akaipiga kwa nyundo kubwa. Haikusogea, na ncha yake sasa imetanuka. Tufanyeje?
*Msomaji, South B*

JIBU: Ndugu msomaji, nyundo iwekwe chini. Mkono umekaa juu ya mpira, kwa hiyo pigo lote humezwa na busha. Pini haihisi kitu. Na ncha ikishatanuka haipiti tena kwenye tundu. Isageni kwa grainda hadi iwe nyembamba kuliko mwili wa pini.

Kisha angalieni loki. Katikati ya pini kuna mkato, na kijipini chenye ubavu bapa kimepita hapo kuizuia. Wengi hutoa nati yake wakadhani wamemaliza, kumbe kijipini bado kimo ndani. Rudisheni nati hadi ilingane na ncha ya hesi (mistari ya skrubu), gongeni taratibu kilegee, ndipo mkitoe.

Kinachobaki ni kutu. Maji na vumbi la murram hupenya pembeni mwa busha, hukaa kati ya pini na strati, na kutu ikifura hakuna nafasi hata ya unywele. Mwageni mafuta ya kulegeza kutu jioni, yalale usiku kucha.

Asubuhi, vuteni badala ya kugonga. Fundi wa lethi (mashine ya kukereza vyuma) atawakatia bomba nene linalokalia ukingo wa busha na kumeza pini. Fungeni nati ndefu kwenye hesi ya pini, ya upande ambao haukupigwa, kisha boliti ipite kwenye kipande kinene cha chuma kilichofunika mdomo wa bomba. Pakeni boliti grisi, kazeni. Ikikaza sana, piga kichwa cha boliti mara moja, kaza tena. Mkitumia moto, choma strati, si pini, maana strati ndiyo inayotakiwa kutanuka. Tangi la petroli liko karibu: hosi ya breki iwe imetolewa na kizima moto kiwe mkononi.

Ikikataa hata hapo, msipoteze siku ya pili. Ikateni kwa msumeno wa chuma kwenye nafasi mbili zilizo kati ya busha na strati, mkono utaachia. Toeni kebo ya hendibreki, boliti nne za fleji (kiungo bapa) ya shafti upande wa gurudumu, na nati tatu za juu, mtu akiwa ameshikilia strati kwa chini. Nati ya katikati msiiguse kamwe: springi imebanwa pale na inaweza kuua. Kipande kilichobaki kipelekeni kwenye presi ya haidroli. Pini mpya hununuliwa. Mkono wa asili wa aina ya gari iliyompa dereva Edgar Herrmann ushindi wa Safari Rally 1971, na Shekhar Mehta 1973, haustahili kukatwa.

Wakati wa kurudisha, sugueni tundu kwa msasa, pakeni pini grisi ya kuzuia kutu, na mkato uelekee tundu la loki kabla pini haijaingia yote. Ikishaingia kwa kubana, kuizungusha ni kazi. Nati za pini zikazwe mwisho gari likiwa limekaa chini kwa magurudumu yake. Ukizikaza likiwa juu ya stendi, mpira hujipinda gari linaposhuka, hubaki umepindika daima, na huchanika mapema. Toeni hewa kwenye breki kabla ya kuondoka.

SWALI: Je, busha za poliyurethani (plastiki ngumu) zinafaa kuliko za mpira?
*Msomaji huyo huyo*

JIBU: Kwa mashindano, ndiyo. Kwa barabara za mtaani tunapendelea mpira: hautaki grisi na haupigi kelele. Poliyurethani ikikaukiwa grisi hulia kama mlango wa zamani, na kila shimo utalisikia kitini.