Kodi ya Muuzaji Si Kodi ya Mnunuzi

Vijana wangu mlioanza kazi ya kuwahudumia wateja wanaonunua nyumba ng'ambo, naandika haya kwa sababu katika majalada niliyoyapitia hivi karibuni nimekuta tena kosa lile lile. Jedwali la gharama limepangwa vizuri, riba imekokotolewa, bima imeingizwa, kisha kwenye mstari wa kodi ya majengo mtu amenakili kiasi alicholipa muuzaji mwaka uliopita, akakigawa kwa 12 na kumwambia mteja kwamba hiyo ndiyo kodi yake ya kila mwezi. Kiasi hicho ni cha kweli na risiti yake ipo, lakini ni kodi ya mtu mwingine. Nawapenda, na najua mnafanya kazi hadi usiku, ndiyo maana sitaki mteja wenu apate ankara ambayo hamkumwandaa kuipokea.

1. Hesabuni kodi kwa bei ya mnunuzi. Tuanze na California. Tangu wapiga kura walipopitisha Pendekezo la 13 mwaka 1978, kodi ya msingi ya nyumba katika jimbo hilo ni asilimia 1 ya thamani iliyotathminiwa, pamoja na nyongeza za madeni yaliyoidhinishwa na wapiga kura, na thamani hiyo haipandishwi kwa zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka maadamu nyumba haijabadilisha mmiliki wala kujengwa upya. Kwa hiyo mzee aliyekaa katika nyumba moja kwa miongo mitatu hulipa kodi ya thamani iliyoachwa mbali sana na bei ya soko, na siku anapouza, kinga hiyo haimfuati mnunuzi. Mthamini wa kaunti huikadiria nyumba upya, na tofauti kati ya thamani ya zamani na mpya hutozwa kwa ankara ya nyongeza, utaratibu ulioanza mwaka 1983, kuanzia siku ya kwanza ya mwezi unaofuata uhamisho hadi mwaka wa fedha unapokwisha tarehe 30 Juni.

Chukueni nyumba iliyotathminiwa kwa dola 200,000 ikauzwa kwa dola 700,000. Tofauti ni dola 500,000, na asilimia 1 yake ni dola 5,000 kwa mwaka mzima. Umiliki ukihamishwa katikati ya Septemba, hesabu huanza Oktoba Mosi, yaani robo tatu ya mwaka, na ankara huwa dola 3,750. Ukihamishwa katikati ya Machi, mteja hupata ankara mbili: moja ya miezi mitatu iliyosalia, dola 1,250, na nyingine ya mwaka wote unaofuata, dola 5,000, kwa sababu ankara ya kawaida ya mwaka huo hufuata thamani ya Januari Mosi, wakati nyumba ilikuwa bado ya muuzaji. Uhamisho wowote wa kati ya Januari Mosi na Mei 31 huleta ankara mbili za nyongeza. Bandikeni tarehe hizo ukutani, juu ya meza zenu.

Mteja atawaambia kwamba kodi alishailipa siku ya kukamilisha ununuzi. Mwelezeni kwa upole kwamba mgawanyo wa kodi wa siku ile kati yake na muuzaji ulihusu ankara ya zamani peke yake. Florida nako kinga ya makazi, inayozuia thamani ya nyumba ya mkazi kupanda kwa zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka, huondoka na muuzaji, na thamani hupangwa upya Januari Mosi inayofuata mauzo. Mnunuzi huonja kodi ndogo kwa miezi michache, kisha ile kubwa humshukia akiwa amekwisha kupanga matumizi yake.

2. Ulizeni barua zinafunguliwa na nani. Hapa nina jambo la kuwaeleza kwa kirefu, kwa kuwa lilitoka mezani kwangu. Nilikuwa na mteja mmoja, mama mwangalifu sana wa fedha zake, aliyekuwa akifanya kazi nchi nyingine na kununua nyumba California mwezi wa Machi kwa ajili ya watoto wake ambao wangekwenda kusoma huko baadaye. Kwenye hati ya uhamisho wa umiliki, upande wa juu, kuna mstari mdogo unaoeleza taarifa za kodi zitumwe wapi, na fomu ya awali ya kuripoti mabadiliko ya umiliki inayo nafasi ya namna hiyo. Niliacha sehemu zote mbili zijazwe anwani ya nyumba yenyewe, kwa sababu ndiyo iliyokuwa tayari kwenye rasimu, na sikuuliza ni nani angekuwa akifungua sanduku la barua la nyumba iliyofungwa.

Mama yule alikuwa na mkopo, na kila mwezi benki ilikata fedha za kodi na bima na kuziweka katika akaunti maalumu. Aliamini, nami niliamini pamoja naye, kwamba kila kitu kinachoitwa kodi ya majengo kingelipwa kutoka humo. Lakini kwa kawaida benki hupelekewa ankara ya kawaida ya mwaka tu. Ankara ya nyongeza hutumwa kwa mmiliki mwenyewe, kwenye anwani iliyoandikwa katika ule mstari mdogo. Basi zile mbili zikafika, zikalala sandukuni, na tarehe za mwisho zikapita. Adhabu ni asilimia 10 ya kila awamu iliyocheleweshwa, na kutopokea ankara si utetezi unaokubalika. Deni likiendelea kukaa bila kulipwa, kwa kila mwezi huongezeka asilimia 1.5, na baada ya miaka mitano kaunti inaweza kuiuza nyumba yenyewe.

Aliziona siku alipokwenda kukabidhi funguo kwa mpangaji. Bahasha za kaunti zilikuwa zimejikunja katikati ya matangazo ya maduka, za chini zimeshikamana kwa unyevu, na ya juu kabisa ilikuwa ya kumjulisha kwamba amechelewa. Akanipigia simu akiwa bado amesimama mlangoni. "Kaka, hii nyumba nimeinunua mara ngapi?" Fedha alizotenga kwa ajili ya paa ziliishia kwenye kodi na adhabu. Sikuwa na la kumpunguzia, kwa sababu kaunti ilikuwa imehesabu sawasawa na benki ilikuwa imetimiza mkataba wake. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba kabla ya kutia sahihi aliniuliza kwa maandishi kama kuna kodi nyingine yoyote ya kuitarajia, nami nikamjibu kwamba hakuna, nikilitazama jedwali nililoliandaa mwenyewe. Alikuwa ameuliza swali sahihi, kwa mtu aliyelipwa kulijua jibu lake.

Kwa hiyo jazeni anwani ambako mteja hupokea barua kweli, hata ikiwa ni ya nchi nyingine, na baada ya uhamisho tazameni tovuti ya kaunti kwa nambari ya kiwanja kila mwezi hadi ankara za nyongeza zitoke. Wakati mwingine huchukua zaidi ya mwaka.

3. Nyumba isiyo makazi makuu ina kodi zake. Ufaransa ilifuta kodi ya ukaazi kwa makazi makuu ya watu wote mwaka 2023, na wengi husoma habari hiyo nusu tu. Kodi hiyo bado inatozwa kwa nyumba za pili, na katika maeneo yenye uhaba wa makazi halmashauri zinaruhusiwa kuiongeza kwa kati ya asilimia 5 na 60, mbali na kodi ya ardhi na jengo anayodaiwa yule aliyekuwa mmiliki Januari Mosi. Uingereza, tangu Aprili 2025, halmashauri za England zinaweza kuizidisha mara mbili kodi ya halmashauri kwa nyumba ya pili yenye samani. Hispania ndiko wateja hushangaa zaidi: asiye mkazi ambaye hajapangisha nyumba yake huhesabiwa kuwa na kipato cha asilimia 1.1 au 2 ya thamani iliyo kwenye daftari la ardhi, na anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya kwa kawaida hulipa asilimia 24 ya kipato hicho. Kwa thamani ya yuro 100,000 na kiwango cha 1.1, hiyo ni yuro 264 kwa mwaka. Si fedha nyingi, lakini hakuna atakayemtumia mteja ankara yake. Ni lazima aitangaze mwenyewe kabla ya mwisho wa Desemba ya mwaka unaofuata.

4. Nyongeza za kodi ya ununuzi wanazotozwa wageni, zinazohesabiwa kwa bei ya nyumba, ziandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa makadirio: asilimia 60 Singapore tangu Aprili 2023, asilimia 25 Ontario nchini Kanada, na asilimia 2 kwa wasio wakazi England tangu Aprili 2021.

5. Notisi ya mthamini isiwekwe kwenye faili bila kusomwa. California notisi hiyo hutangulia ankara ya nyongeza, na mteja asiyekubaliana na thamani mpya ana siku 60 za kukata rufaa tangu tarehe ya notisi, si tangu siku alipoiona. Rufaa haisimamishi malipo; alipe kwanza, akishinda atarudishiwa. Majalada yote ya California yaliyokamilika kati ya Januari na Mei mwaka huu nayataka mezani kwangu Jumatatu, na katika kila moja mniwekee alama kwenye mstari wa anwani ya kodi, pamoja na jina la mtu anayefungua barua hapo.