Mwanangu, Leso Hiyo Ikate

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Mombasa. Sisi huku ni wazima, na baba yako anakusalimu sana. Barua yako imenifikia, na nimefurahi kusoma kwamba mwaka huu wewe ndiwe utakayewaandalia wenzako chakula cha Pasaka huko Uingereza, watu sita kwa jumla. Umeniuliza iwapo ununue mapambo ya meza dukani au ushone mwenyewe, na iwapo ni vibaya kuikata ile doti ya leso, yaani kanga mbili, niliyokununulia Mtaa wa Biashara ulipokuwa unaondoka. Shona mwenyewe, na leso hiyo ikate.

Mapambo mengi ya dukani hukaa mezani mpaka chakula kinapoletwa, kisha huondolewa haraka ili masinia yapate nafasi. Mimi hupenda pambo linalobaki mezani likifanya kazi wakati watu wanakula: linalowekewa sahani, linalopangusia mikono, linalomwagikiwa mchuzi wa kuku wa kupaka na kesho yake likafuliwa, likaanikwa, likawa jipya tena. Leso imezaliwa kwa kazi kama hiyo. Ukiifungia sandukuni kwa kuionea huruma, utakuwa unainyima kazi yake.

Kabla ya kushika mkasi, hakikisha kwamba ni pamba tupu, maana siku hizi nyingine huchanganywa na nyuzi za viwandani ambazo hazinyonyi maji. Chomoa uzi mmoja ukingoni, uushike kwa koleo juu ya sinki na kuuwasha: wa pamba utaungua kama karatasi na kuacha jivu laini, na wa kiwandani utayeyuka na kuganda kama ushanga mgumu. Kisha fua leso zote mbili kwa maji baridi, urudie mpaka maji yatoke meupe, kwa sababu leso mpya hutoa rangi, na pamba ambayo haijafuliwa hurudi ikishashonwa, kingo zikajikunja. Fanya kazi hiyo mapema. Pasaka huangukia kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili; huku kwetu ndipo masika yanapoingia na nguo hazikauki, na huko kwenu, ingawa miti inaanza kuchipua, jua bado ni dhaifu.

Sasa ukataji. Leso moja ina urefu wa karibu sentimita 150 na upana wa karibu 110. Ile ya kwanza igawe kwa urefu wake katika vipande vitatu vilivyo sawa, kila kimoja kikiwa na upana wa sentimita 36 hivi. Usivitandike kufuata urefu wa meza kama wanavyofanya wengi. Vipitishe upande hadi upande, ili kila kipande kiwe mahali pa sahani kwa watu wawili wanaoelekeana, na ncha zake zishuke pande zote mbili za meza. Kipande cha juu kitakuwa na pindo, cha kati kitabeba mji, yaani sehemu ya katikati ya leso, na cha chini kitabaki na pindo pamoja na jina, yaani maandishi ya leso. Pima jina lilipo kabla ya kukata, ili mkasi usipite juu ya maandishi. Leso yako imeandikwa "Mgeni njoo, mwenyeji apone", nayo inafaa kabisa kwa siku hiyo. Ingekuwa na kijembe, ningekushauri uchague nyingine, kwa kuwa mgeni hapaswi kuketi mbele ya maneno ya ugomvi.

Kunga kila ukingo kwa kukunja sentimita moja, kupiga pasi, kukunja tena sentimita moja, kisha kupiga bandi, yaani mshono wa muda wa mkono, kabla ya kupitisha cherehani. Najua utataka kuruka bandi. Usiiruke, mwanangu, kwa maana kitambaa chepesi cha leso huteleza chini ya mguu wa cherehani, na ukingo mrefu ukienda kombo hata kidogo, kila aliyeketi atauona. Penye pembe, fungua mikunjo, kunja ncha ya pembe kwa mshazari kuelekea ndani, punguza kitambaa kilichozidi, kisha rudisha mikunjo yako, nayo itakutana vizuri bila kuacha nundu. Pembe ndizo zinazotofautisha kazi ya fundi na kazi ya kubahatisha, kwa hiyo muda wako utumie hapo.

Leso ya pili itakupa vitambaa vya kupangusia mikono. Kata safu mbili za miraba minne minne, kila mraba sentimita 37, upate vitambaa vinane: sita vya wageni na viwili vya akiba. Vikunge kama vile vya kwanza, ila kwa mkunjo mwembamba zaidi. Utabaki na ukanda wa sentimita 35 hivi, na huo ndio utakaotoa mayai.

Mayai nayapenda kuliko sungura, ingawa sungura naye ni desturi ya Pasaka ya tangu zamani huko Ujerumani. Zamani Wakristo wa Ulaya hawakula mayai wakati wa Kwaresima, na kuku hawakuacha kutaga, kwa hiyo Pasaka ilipofika mayai yalikuwa tele na yakawa chakula cha furaha. Yai moja la kitambaa hushonwa kwa vipande vinne vyenye umbo la jani: urefu sentimita 11, upana sentimita 5 mahali palipo pana, na mahali hapo pawe chini kidogo ya katikati ili yai lipate tako lake. Ongeza milimita 7 za mshono kuzunguka kila kipande. Ukivikata vipande hivyo kwa mshazari wa kitambaa, vitavutika kidogo na yai litakuwa la mviringo zaidi. Shona vipande viwili viwili, kisha unganisha nusu mbili ukiacha tundu la kupitisha vidole viwili, geuza, jaza, na ufunge tundu kwa mkono, sindano ikiingia ukingo huu na kisha ule ili uzi ujifiche. Huku ningejaza sufi; huko tumia pamba, wala usitumie vipande vya nguo, kwa sababu huacha mabonge yanayoonekana nje. Katikati ya pamba tia punje chache za karafuu. Wageni wako watasikia harufu ya kwetu bila kujua inatoka wapi.

Mayai hayo yapange ndani ya kitunga kifupi katikati ya meza. Nakusihi sana kuhusu urefu: kitu chochote cha katikati kisifike usawa wa macho ya mtu aliyeketi, kwa maana watu wanaokula pamoja wanapaswa kuonana nyuso. Mishumaa, ukiwa nayo, ikae mbali na vitambaa. Kwa rangi huna haja ya kuongeza kitu. Manjano na kijani cha leso yako juu ya shuka jeupe vinatosha, na nyeupe ndiyo rangi inayovaliwa kanisani Pasaka baada ya zambarau ya Kwaresima.

Doa la bizari ya manjano likiingia, lifue kwa sabuni upesi, kisha uanike kitambaa palipo na jua, hata likiwa jua la dirishani, kwa kuwa rangi ya manjano hufifia juani.

Pima upana wa meza yako uniandikie. Ikizidi sentimita 110, ncha zitashuka kidogo mno, na itabidi nikuongezee doti nyingine yenye pindo linalolingana na hii, ambayo nitampa binamu yako anayesafiri kabla ya Jumapili ya Matawi.

Mimi mama yako