Kosa la flenji likigunduliwa baharini

Nikirudi Arusha, vijana wa karakana za mtaa wa Unga Limited huniuliza kuhusu kazi za gesi ya baharini: mshahara ukoje, cheti gani kinatakiwa, nani anachukua watu. Kuhusu kazi kurudiwa hawaulizi, na ndiko fedha za miradi hii zinakopotelea.

Huku kwetu geti likikataa kufunga unachukua grenda, unakata, unachomelea upya, mteja akiendelea na soda yake. Kwenye jukwaa la gesi, kule baharini, moto hauwashwi hivi hivi. Panahitajika kibali, mtu wa kupima gesi, mlinzi wa moto, na pengine sehemu ya mtambo izimwe kwanza. Vitanda vya kulala huko ni vya kuhesabu. Ukiongeza welda mmoja, kuna mwingine atakayebaki nchi kavu. Meli nayo inalipiwa kwa siku, hata bahari ikichafuka ikakaa bure.

Chukulia flenji, ile sahani ya chuma ya mwisho wa bomba inayofungwa kwa bolti na ya bomba jingine, yenye matundu 8. Kawaida matundu mawili ya juu hukaa kulia na kushoto kwa mstari wa katikati. Fundi akiichomelea tundu moja likiwa juu kabisa, ameipotosha kwa nyuzi 22.5. Weldi itapita eksirei, itapita jaribio la shinikizo, halafu bolti zigome baharini kwa kuwa matundu hayalingani na ya flenji ya pili. Weka pimamaji juu ya yale matundu mawili kabla hujaishikiza. Ni kazi ya dakika chache.

Kuna mradi mhandisi alihamisha vali, mchoro mpya ukafika ofisini, karakana ikaendelea na ule wa zamani kwa kuwa ulikuwa umebandikwa ukutani vizuri, na plastiki juu. Mchoro wa zamani uondolewe siku hiyo hiyo mpya unapofika. Usipoondolewa, utafuatwa tu.

Wapo wanaoacha urefu wa ziada kwenye kila bomba ili likatwe huko huko baharini. Mimi naona ziada iwe pale tu ambapo kipimo hakina uhakika, maana kila ziada ni weldi nyingine baharini, na kibali kingine. Vinavyoweza kuunganishwa kwa majaribio nchi kavu viunganishwe.

Na wanaousubiri mradi wa LNG (gesi asilia iliyogeuzwa kimiminika) wa Lindi wajue sehemu kubwa ya gesi yake iko kwenye maji yenye kina cha zaidi ya mita 1,000. Mzamiaji hafiki huko, kazi za chini hufanywa na roboti. Kwa hiyo ukiajiriwa, kabla mzigo haujapanda meli, omba uone karatasi ya vipimo iliyosainiwa na mkaguzi, hata kama bosi anakuharakisha.