Ndoa ya hekaluni na mlezi aliyeachwa nje

SWALI: Mhariri, binti wa marehemu dada yangu, niliyemlea tangu akiwa mchanga, alijiunga na Wamormoni na sasa amepata mchumba wa dini hiyohiyo. Ameniambia kwamba watafunga ndoa katika hekalu lao la Nairobi na kwamba mimi, Mwanglikana, sitaruhusiwa kuingia. Ni ibada gani hiyo asiyoweza kuiona mlezi?
Mama Mkubwa, Nakuru

JIBU: Mama, uchungu wako tunauelewa, lakini hujazuiwa wewe peke yako. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ndilo la Wamormoni, lililoanzishwa na Joseph Smith huko New York mwaka 1830, lina nyumba za aina mbili. Katika nyumba ya mikutano ya Jumapili, ambako sakramenti ni mkate na maji, yeyote anakaribishwa. Hekalu ni jambo jingine, na Jumapili hufungwa. Likishawekwa wakfu, kama lilivyowekwa la Nairobi Mei 2025, huingia tu muumini mwenye kibali, ambacho hupewa baada ya kuhojiwa na askofu na rais wa kigingi (kiongozi wa sharika kadhaa za eneo moja) kuhusu imani yake, zaka, usafi wa mwenendo, na kujiepusha na pombe, tumbaku, kahawa na chai. Hata mzazi muumini asiye na kibali hubaki nje.

Ndani, maharusi waliovaa mavazi meupe hupiga magoti wakitazamana, wameshikana mikono juu ya madhabahu, na mara nyingi vioo vya kuta mbili zinazoelekeana huirudia sura yao bila mwisho. Vioo hivyo vinaeleza fundisho lenyewe: ndoa yenu na yetu huisha kifo kinapotutenganisha, ilhali wao huamini kwamba mamlaka aliyopewa Petro, ya kufunga jambo duniani likawa limefungwa mbinguni, yamerejeshwa kwao, hivyo mume, mke na watoto huunganishwa milele.

Kuna jambo hukuliuliza, ila huenda likakugusa zaidi. Kwa kuutegemea Wakorintho wa Kwanza 15:29, wao hubatizwa kwa niaba ya jamaa waliokufa, katika kisima kinachobebwa na sanamu za ng'ombe kumi na wawili, mfano wa ile bahari ya Sulemani, yaani birika kubwa la shaba la hekalu lake. Binti anaweza kubatizwa kwa ajili ya mama yake, yaani dada yako. Hilo halimfanyi marehemu kuwa Mmormoni kwa nguvu, maana wanafundisha kwamba roho yake ina hiari ya kukubali au kukataa. Hata hivyo, ni vyema mlizungumze mapema kuliko kulisikia pembeni.

Kuhusu harusi, njia ipo. Tangu 2019 kanisa hilo limefuta sharti, lililokuwepo katika baadhi ya nchi, la waliofunga ndoa ya kiserikali kusubiri mwaka mzima kabla ya kuunganishwa hekaluni. Mwombe binti wafunge kwanza ndoa ya kisheria mbele ya jamaa wote, kisha waende hekaluni. Kuvishana pete si sehemu ya ibada ile, kwa hiyo hilo mnaweza kulifanya nyumbani kwako.